Skrini ya Kuongozea Nyumba: Hesabu Watu Kwanza

Kabla hujanunua skrini ya kuongozea nyumba, hesabu watu wanaolala chini ya paa lako, halafu hesabu wangapi kati yao wana simu janja. Balbu, kamera na soketi utazihesabu baadaye. Pengo lililopo kati ya namba hizo mbili ndilo litakalokueleza kama kioo cha ukutani kitakufaa au kitakula fedha na uniti zako bure.

Skrini zenyewe ni zile za ukubwa wa tableti, inchi 7 au 8, nyingine 15 au zaidi, zinazotundikwa ukutani au kuwekwa juu ya kabati la sebuleni. Amazon walianza kuuza Echo Show mwaka 2017, Google wakafuata mwaka 2018 na kifaa ambacho leo kinaitwa Nest Hub. Hizo za mwanzo zilikuwa spika zenye kioo, za kuuliza hali ya hewa na kuangalia video. Baadaye zikatoka zenye kazi hii moja: mwanzoni mwa 2024 Amazon walileta Echo Hub, ya inchi 8, kwa bei ya dola 180 hivi, inayokusanya taa, makufuli, viyoyozi na kamera za nyumba nzima kwenye kioo kimoja. Kutoka China zipo pia ndogo za bei ya chini, kama NSPanel ya Sonoff, zinazoingia mahali pa swichi ya kawaida.

Karibu kila linalofanywa na skrini hizi, simu yako inaliweza tayari. Mtu anayeishi peke yake, au mume na mke ambao kila mmoja ana simu janja, hana sababu ya kununua. Nalisema wazi kwa sababu wauzaji wengi huiingiza skrini kwenye makadirio ya kazi kama kitu kisichokwepeka, wakati bei yake ingetosha kununua swichi za vyumba kadhaa.

Tatizo ni kwamba simu ni ya mtu mmoja na nyumba ni ya wengi. Baba amefunga swichi janja kwenye pampu ya maji, programu iko kwenye simu yake, na yeye ameondoka saa 12 asubuhi. Saa 4 tangi la juu limekauka. Dada wa kazi ana nguo kwenye beseni, simu yake ni ya batani, na swichi ya zamani ya pampu ilishang'olewa ukutani. Anapiga simu, haipokelewi. Bibi aliyekuja kupumzika kwa mwanawe hawezi kuzima taa ya chumba chake mwenyewe mpaka mjukuu atoke shule. Nyumba iliyokuwa inaongozwa na kila mtu sasa inaongozwa na mtu mmoja aliyeko kazini. Hapo ndipo skrini inapopata hoja, kwa sababu inairudisha nyumba mikononi mwa waliomo.

Wengi wetu tunaishi na kioo cha namna hiyo bila kukifikiria. Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla huku Tanzania, iko juu ya nguzo au nje ya ukuta, na ndani, jikoni au koridoni, kuna ile rimoti yenye batani za namba. Kenya iko hivyohivyo kwa wateja wa tokeni. Rimoti hiyo haina rangi wala sauti nzuri, lakini haihitaji intaneti, haidai nywila, na kila mwenye umri wa kusoma namba anajua kuitazama. Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, mita za aina hii duniani kote zilitakiwa kuboreshwa. Familia zikaingiza tokeni za ziada, kila moja ya tarakimu 20, kabla ya kuweka tokeni ya umeme. Kazi hiyo ilifanywa na watoto, wapangaji na akina bibi, kwenye kijikioo kisichozidi upana wa vidole vitatu. Mimi naichukua rimoti ile kama kipimo. Skrini yoyote utakayouziwa, iulize: je, mtu asiye na akaunti ataweza kuitumia? Je, itafanya kazi intaneti ikipotea?

Swali la intaneti lina uzito wake huku kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Skrini nyingi zinazouzwa madukani hutuma amri yako kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, kisha amri inarudi kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka uliposimama. Waya ukikatika baharini, au bando likiisha, batani ya kwenye kioo inazunguka tu. Vipo vifaa visivyotegemea safari hiyo: vya Zigbee vinavyozungumza na kitovu kilicho ndani ya nyumba, vile vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotolewa mwaka 2022 ili bidhaa za kampuni tofauti zisikilizane ndani ya mtandao wa nyumbani, na mfumo huru wa Home Assistant ambao unaweza kukaa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Jaribio lake ni rahisi. Chomoa waya wa intaneti kwenye rauta, acha wifi yenyewe ikiwaka, halafu bonyeza. Taa ikiwaka, unayo nyumba yako. Isipowaka, unayo kwa hisani ya mtu mwingine.

Na umeme je? Kenya iliingia gizani karibu nchi nzima Agosti 2023, Tanzania ikapata hitilafu ya gridi ya taifa tarehe 1 Aprili 2024, na katikati ya matukio makubwa kama hayo kuna mikato midogo ya kila wiki. Skrini ya ukutani isiyo na betri huzima papo hapo, na rauta huzima nayo. UPS ndogo ya rauta, ile inayouzwa kwenye maduka ya kompyuta, itakufaa kuliko skrini yenyewe, inunue mapema.

Kuna mpangilio mmoja ambao mafundi wengi huuruka na unaudhi sana. Vifaa janja vingi huulizwa vifanye nini umeme ukirudi: viwake, vizime, au vikumbuke vilivyokuwa. Balbu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka. Umeme ukirudi saa 9 usiku, vyumba vyote vinawaka kwa pamoja na watoto wanaamka. Kwa taa, chagua vikumbuke vilivyokuwa. Kwa pampu ya maji chagua izime, maana pampu inayojiwasha yenyewe wakati bomba la mtaa halina maji huungua ikizunguka kavu. Mpangilio huu umo ndani ya programu, kwenye ukurasa wa kila kifaa, na ukiupanga mara moja umemaliza.

Swichi kabla ya kioo

Kama fedha yako ni ya kununua kitu kimoja, ipeleke kwenye swichi nzuri ya ukutani. Namaanisha swichi inayoweza kuamriwa na simu na bado inabonyezwa kwa kidole kama ile ya zamani. Swichi ya namna hiyo inamaliza sehemu kubwa ya tatizo la bibi na la dada wa kazi bila kioo chochote. Balbu janja zina kasoro hapa: mtu akizima swichi ya ukutani kwa mazoea, balbu inakosa umeme, inapotea kwenye mtandao, na simu haiioni tena. Katika nyumba yenye watu wengi swichi itazimwa tu. Huwezi kubandika karatasi za "usiguse" kila ukuta.

Lakini kabla ya kulipia swichi, mwite fundi umeme afungue boksi moja na kukuonyesha waya zilizomo. Nyumba nyingi zilizofungwa kwa mtindo tulioupata kwa Waingereza zina waya mbili tu nyuma ya swichi ya taa: laini inayoshuka yenye moto, na ile inayopanda kwenda kwenye taa. Nyutro imepita juu moja kwa moja hadi kwenye taa. Swichi ya kawaida haijali. Swichi janja ni kompyuta ndogo, inataka umeme hata taa ikiwa imezimwa, na kwa hiyo inaitaka nyutro. Bila hiyo fundi asiye mwangalifu anaweza kuiba nyutro kwenye soketi ya jirani au, vibaya zaidi, kuunganisha kwenye waya wa ethi. Usikubali. Waya wa ethi upo kwa ajili ya kukuokoa siku ya hitilafu na haupaswi kupitisha umeme wa kazi.

Zipo swichi zilizotengenezwa kufanya kazi bila nyutro. Hizo hupitisha umeme kidogo sana kupitia taa yenyewe, na balbu ndogo za LED huweza kupepesa au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Dawa yake ni kapasita ndogo inayokuja na swichi, inayofungwa kwenye taa. Njia nyingine ni kuweka rilei janja juu ya dari, pale taa inaponing'inia, ambapo nyutro ipo. Skrini ndogo za kuingia mahali pa swichi, ikiwemo ile NSPanel, zinadai nyutro pia, na watu huligundua hilo baada ya kununua. Kazi yoyote ya kufungua boksi ifanywe na mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Anayejenga sasa ana bahati. Mwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi na aweke boksi lenye kina cha milimita 35 au zaidi. Gharama ya ziada ni ya waya tu, na hutahitaji kupasua plasta miaka mitano ijayo. Akimaliza hapo, aache bomba moja tupu kutoka kwenye rauta hadi ukuta wa koridoni, ili siku ukitaka skrini njia ya waya iwepo.

Neno kuhusu mzigo. Plagi janja nyingi zimeandikwa ampea 10 au 16. Hita ya kuogea ya papo kwa papo, ile inayofungwa juu ya bomba la mvua, huweza kuvuta kilowati 5 na zaidi, yaani ampea 20 au juu yake. Plagi janja haihimili hapo, itayeyuka. Hita na pampu kubwa ziongozwe kupitia kontakta iliyofungwa kwenye boksi la swichi kuu, swichi janja ikiamuru kontakta tu.

Nyumba ambazo kioo kinazifaa

Ya kwanza, na kwangu ndiyo yenye hoja nzito kuliko zote, ni nyumba ya sola yenye betri. Inveta ina kioo chake, ila mara nyingi imefungwa stoo au gereji ambako hakuna anayepita. Programu ya simu inaonyesha asilimia ya betri, lakini iko kwa mwenye nyumba. Anayepiga pasi saa 1 usiku hajui kitu. Betri ya kawaida ya nyumbani ina uniti 5 hivi. Pasi ya wati 1,500 ikipigiwa nguo za wiki nzima inaweza kula karibu uniti moja, na birika la umeme la wati 2,000 linaongeza lake. Saa 8 usiku friji inazima, asubuhi wanalaumiana. Weka kioo jikoni au karibu na meza ya pasi, kinachoonyesha mambo matatu kwa herufi kubwa: betri ina asilimia ngapi, jua linaleta wati ngapi, nyumba inatumia wati ngapi. Watoto watajifunza ndani ya siku chache kwamba pasi hupigwa mchana. Uingereza walilielewa hili. Wateja wanaofungiwa mita mpya za umeme hupewa nafasi ya kupata kijikioo cha ndani kinachoonyesha matumizi kwa fedha, bila malipo ya ziada. Wenzetu wanaoishi huko wanakifahamu.

Uulize pia data inafika baada ya muda gani. Vifaa vingi vya inveta hutuma taarifa kwenye mtandao kila dakika 5, kwa hiyo aliyewasha birika hataona mabadiliko mpaka chai imeshanywewa. Ukitaka namba za papo hapo, fundi wa sola asome inveta moja kwa moja kwa waya wa RS485 kwenda kwenye mfumo uliomo ndani ya nyumba. Inawezekana kwa inveta nyingi, ila umwambie kabla hajamaliza kazi.

Ya pili ni nyumba yenye mzee au mtu mwenye ulemavu wa viungo anayeshinda peke yake. Kioo chenye batani nne kubwa kando ya kitanda, cha kuona aliye getini, kufungua, kuwasha taa na kupiga simu kwa mwanawe, ni heshima kwa mtu huyo, na hapo bei sitaibishia. Ya tatu ni nyumba ya kupangisha wageni kwa siku, ambapo huwezi kumpa kila mgeni akaunti yako. Zaidi ya hizo, najiuliza sana kabla ya kusema ndiyo.

Tableti ya zamani inatosha

Ukiona unahitaji kioo, anza na tableti ambayo haina kazi kabatini. Usiifungue kwa akaunti yako ya Google, la sivyo kila apitaye koridoni atasoma barua pepe zako na kuona picha zako. Itengenezee akaunti yake, kisha kwenye programu ya vifaa uialike kama mwanafamilia wa kawaida asiye na uwezo wa kufuta au kuongeza kifaa. Android ina uwezo wa kubandika programu moja ili mtoto asitoke kwenda kwenye michezo. Na ipo programu ya Fully Kiosk inayofanya hivyo vizuri zaidi, ikizima kioo na kukiwasha mtu anaposogea.

Betri ndiyo hatari yake. Tableti iliyochomekwa usiku na mchana kwa miaka, mahali penye joto, betri yake huvimba na kusukuma kioo kwa nje. Chaja yake ichomeke kwenye plagi janja iliyopangwa kuwaka kwa muda wa saa 2 au 3 tu kila siku, iwe mbali na jiko na dirisha la jua la magharibi, na kila mwezi pitisha kiganja nyuma yake. Ukihisi imetuna, izime, itoe ndani ya nyumba, usiichomeke tena. Kuhusu umeme, kioo kinachovuta wati 5 bila kuzima hutumia uniti 3.6 kwa mwezi. Mara ya kwanza haionekani. Ndiyo maana kizimwe usiku.

Majina ya batani yaandike kwa lugha ya nyumbani: Pampu, Taa ya Uani, Geti Dogo, Chumba cha Bibi. Alexa haelewi Kiswahili, na anayetegemea kuamuru kwa sauti atakuwa amewafungia nje wote wasiozungumza Kiingereza. Batani iliyoandikwa vizuri haina ubaguzi huo.

Maikrofoni na kamera zinahitaji uamuzi wako, usiuachie muuzaji. Echo Hub na Nest Hub ndogo hazina kamera, Nest Hub Max inayo, na Echo Show nyingi zina kifuniko cha kusogeza mbele ya kamera. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, lakini ile ya Kenya imeacha nje matumizi ya kifamilia tu, kwa hiyo ndani ya sebule mlinzi ni wewe. Kamera isiwekwe chumbani wala njia ya bafuni, na dada wa kazi aambiwe siku ya kwanza kamera ziko wapi na nani anaziona. Ana haki ya kujua. Nywila iliyokuja na rauta au kamera ibadilishe siku hiyohiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia kamera na rauta nyingi duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu.

Jambo la mwisho la kuuliza dukani ni nani atakayekihudumia kifaa miaka mitano ijayo. Revolv, kitovu kilichouzwa Marekani kwa dola 300 hivi, kilizimwa mwaka 2016 baada ya kampuni yake kununuliwa, na wateja wakabaki na plastiki. Aprili 2022 wenye vifaa vya Insteon waliamka na kukuta seva za kampuni zimezimwa bila taarifa. Skrini iliyoletwa na jamaa kutoka Dubai au London huenda isiwe na dhamana yoyote ukifika nayo Tanga au Kisumu, kwa hiyo angalia kwanza kwenye chaja kama imeandikwa volti 100 hadi 240, na kama programu yake inapatikana kwa nchi unayoishi.

Ukishapita hayo yote, usitoboe ukuta bado. Iweke tableti kwenye stendi koridoni kwa mwezi mmoja, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la pili anaufikia, na usimfundishe mtu zaidi ya mara moja. Mwezi ukiisha, watazame wanaoigusa. Kama ni dada, bibi na watoto, mwite fundi aje na drili. Kama ni wewe peke yako, irudishe kabatini na fedha ya skrini inunulie UPS ya rauta na swichi mbili za kubonyeza kwa mkono.